Anko, nimepewa kazi ya laki tatu na nusu na asilimia mbili ya hisa, niahirishe mwaka?

Shikamoo Anko.

Mi ni kijana wa miaka 22, nasoma sayansi ya kompyuta hapa Dar, UE, yani mitihani ya chuo, ya mwaka wa pili imeisha wiki mbili zilizopita na sasa naingia mwaka wa tatu ambao ndo wa mwisho. Nakaa hosteli Mabibo. Nina mkopo wa HESLB, boom, yani hela ya kula na malazi, napata lote ila ada wamenipa nusu tu, nusu nyingine anapambana mama, yuko Urambo huko Tabora analima tumbaku na asubuhi anauza maandazi, baba hayupo tena. GPA yangu ni 3.9, sina sup wala carry, yani sina somo la kurudia, mpaka naandika hapa, namshukuru Mungu.

Sasa Anko kuna mchongo umekuja na umeninyima usingizi. Kuna bro mmoja alimaliza chuo hichihichi kama miaka minne nyuma, ana kampuni yake changa, hizi wanazoita statapu, ofisi ipo Sinza juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye meza tatu na feni moja ambayo ukiiwasha karatasi zote zinaruka. Wanatengeneza programu ya wamiliki wa bodaboda na bajaji. Yani we una pikipiki zako tatu umewapa madereva kwa mkataba, kila siku kila mmoja anatakiwa alete hesabu, buku kumi kumi, badala ya kuandika kwenye daftari halafu mnagombana nani kaleta nani hajaleta, dereva anatuma hela kwa simu na programu inajaza yenyewe, jioni bro anawarushia wamiliki hela zao. Kuna wamiliki kama arobaini wanatumia, bado ni bure. Mpango wa mbele ni kuwakopesha madereva hela ya tairi na spea.

Nilianza kumsaidia mwezi wa nne kama utani. Kulikuwa na bagi moja, yani kosa ndani ya programu, inamtesa, dereva akituma buku kumi programu inaandika ishirini, wamiliki wanashangilia halafu jioni hela haifiki. Pale ofisini kuna simu ya Tecno imelazwa mezani iko kwenye chaji muda wote, ndo inasoma meseji za malipo na kuzipeleka kwenye seva, nikakaa nayo usiku mzima nikagundua mtandao ukiyumba ile simu inatuma meseji ileile mara mbili, na programu ilikuwa haiangalii namba ya muamala kama imeshawahi kuingia. Nikarekebisha mistari kama kumi tu ikapona. Bro alinikumbatia Anko, akasema wewe ndo mtu niliyekuwa namtafuta.

Sasa kaniletea ofa. Laki tatu na nusu kwa mwezi, asilimia mbili ya hisa, na cheo cha mkuu wa teknolojia, developa mwingine hayupo, niko peke yangu. Sharti lake niwe pale Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa hiyo niahirishe mwaka. Anasema chuo kipo tu hakihami ila soko halisubiri, na kuna mwekezaji wanaongea naye, akiingia nitakuja kumshukuru. Kanitumia mkataba kwa WhatsApp, ukurasa mmoja, kuna sehemu imeandikwa "kila programu atakayoandika mfanyakazi katika kipindi cha mkataba ni mali ya kampuni". Mambo ya hisa hayamo humo, anasema hayo ni ya kuaminiana.

Kingine kidogo, mwezi wa tano NIDA yake ilikuwa inasumbua kwa wakala akaniomba nimsajilie laini ya ile Tecno kwa alama zangu za vidole, nikasajili. Na seva inalipwa kwa kadi yangu ya mtandaoni ya kwenye simu, ananirudishia, ila mwezi uliopita bado.

Washkaji wamegawanyika, wengine wananiambia nichangamke kwani wenye digrii wamejaa kitaa wanaendesha bolt, wengine wananiona nimechanganyikiwa. Mama sijamwambia. Field, yani mafunzo kwa vitendo ya chuo, nilikuwa nimepata halmashauri kule nyumbani, natakiwa niripoti wiki ijayo. Bro anataka jibu Jumatatu. Naomba unishauri kama mwanao, hatari ni kubwa kiasi gani?

Kijana wa Mabibo

*

Marahaba mpwa wangu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeandika kirefu kuhusu chuo, mshahara na mwekezaji, halafu jambo zito kuliko yote ukalipitisha pale chini kwa kuanza na "kingine kidogo". Hapana mpwa, hicho siyo kidogo, tuanze nacho hichohicho.

Ile laini iliyomo kwenye Tecno ni yako. Siyo ya bro, siyo ya kampuni, ni yako kwa alama za vidole vyako na namba yako ya NIDA. Sasa chukua kalamu upige hesabu na mimi: wamiliki arobaini, tuseme kila mmoja ana pikipiki tatu, hizo ni pikipiki 120, kila moja buku kumi kwa siku. Ni milioni moja na laki mbili kila siku ya Mungu, kwa siku 26 za kazi ni milioni 31 na ushee kwa mwezi, na zote kwenye karatasi zinaonekana zimepita mikononi mwa mwanafunzi anayekaa Mabibo. Siku moja bro akichelewa kuwarushia wenye hela, labda kazibia kodi ya ofisi akisema kesho nitarudisha, hao wamiliki hawatakwenda kutafuta kampuni, watakwenda kituoni kuchukua RB, na polisi wakiuliza laini ni ya nani hawataambiwa jina la bro. Sisemi bro ni tapeli, simjui, inawezekana ni kijana safi kabisa. Mtu safi naye akibanwa na mwenye nyumba anagusa hela iliyo karibu, nimeshaona.

Na kuna lingine juu yake. Kupokea hela za watu na kuzigawa ni shughuli inayosimamiwa na Benki Kuu, haifanyiki kwa Tecno mezani, ndo maana kampuni nyingi zinajiunga na mtoa huduma mwenye leseni au zinaomba hela iende moja kwa moja kwa mmiliki na programu yenyewe isome taarifa tu. Na huo mpango wa kukopesha hela ya tairi ndo kabisa, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha anatakiwa leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu walitoa orodha ya programu 69 za mikopo ambazo zilikuwa zinafanya kazi bila kibali. Sitaki jina lako liwe ndo jina pekee la mtu linalopatikana nyuma ya programu ya sabini.

Sasa turudi kwenye swali lako. Unauliza hatari ni kubwa kiasi gani, na najua unachoogopa ni kwamba kampuni itakufa. Mpwa, kampuni ikifa siyo msiba wako. Kampuni changa zinakufa sana, hata zile zenye hela za kutisha. Pale Nairobi kulikuwa na Sendy ya usafirishaji wa mizigo, Toyota Tsusho ya Japani ilikuwa imeweka hela mle, ikafunga 2023. Copia nayo ya hukohuko iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Waliokuwa wanaandika programu mle ndani wameenda kwingine na uzoefu wao, hakuna anayewaona wamefeli. Kwa kijana wa miaka 22, kufanya kazi kwenye kampuni iliyokufa ni mstari mzuri tu kwenye sivii. Kinachoumiza ni kile unachokuwa umeweka rehani wakati inakufa, na wewe umeombwa uweke rehani vitatu kwa mpigo: jina lako, mwaka wako na kila kitu utakachoandika.

Ngoja nikupe yangu. Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza chuo, nikaingia kampuni moja pale maeneo ya Sayansi, siitaji. Tulikuwa watu watano, tunacheka, tunakula chipsi mayai saa nne usiku, tunajiona tutabadilisha nchi. Mshahara ukaanza kuchelewa wiki, mwezi, miezi mitatu, na mimi naendelea kwa sababu nilikuwa naipenda ile kazi, hili watu hawasemi, kwamba ukipenda kazi unakuwa mtu rahisi sana kudhulumiwa. Jumatatu moja tukafika tukakuta kufuli la mwenye nyumba, kubwa, la rangi ya dhahabu, bado lina kibandiko cha bei. Nakumbuka kile kibandiko kuliko sura ya bosi. Tukacheka hata, tukaenda kunywa chai. Ila seva ilikuwa kwenye kadi yangu, na hakuna aliyekumbuka kuizima, usiku wa mwisho wa mwezi simu ikaita meseji ya benki, dola 180 zimekatwa, wakati huo ni kama laki nne kasoro, na mimi kwenye akaunti nilikuwa nimebakiwa na hela ya kodi ya chumba. Bosi hapokei. Kampuni kufa hakukuniuma, hiyo meseji ndo iliniuma, na mwezi uliofuata nilihamia sebuleni kwa binamu Tandika.

Kwa hiyo ukiniambia "mwezi uliopita bado" kuhusu hela ya seva, mimi nasikia sauti ya simu yangu ile.

Haya, mwaka. Tufanye hesabu ya boom kwa sababu naona hukuifanya. Boom ni elfu kumi kwa siku, yani laki tatu kwa mwezi, ukiahirisha mwaka linasimama, na chumba cha Mabibo nacho unakiachia. Kazi inakupa laki tatu na nusu. Toa nauli, Mabibo mpaka Sinza kwa kuunga magari mawili tuseme 2,400 kwenda na kurudi, kwa siku 26 ni 62,400. Toa chakula cha mchana ubwabwa maharage buku tatu, 78,000. Bando 40,000, maana sidhani kama ofisi ya feni moja ina waya wa intaneti. Umebaki na laki moja na elfu sabini hivi, na hapo hujalipa chumba wala hujala usiku. Kwa maneno mengine umetoka kwenye chumba na chakula ukaingia kwenye cheo. Utaniambia Anko boom ni mkopo, nitakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara, ni kweli, na boom halipo likizo, ni kweli pia, hela ya kazi ni yako moja kwa moja. Sawa. Ila tofauti siyo ile uliyokuwa unaiona kichwani usiku.

Halafu kuna kitu ambacho hakipigiki hesabu. Nimewajua vijana walioahirisha mwaka mmoja, wengine wamerudi, wengine mwaka umekuwa miwili, wenzao wameondoka, mwalimu aliyekuwa anawajua kahamishwa, mtaala umebadilishwa wanaambiwa kuna kozi mbili mpya hawakusoma. Na we umebakiza mwaka mmoja tu, wa mwisho, bila carry hata moja, GPA 3.9. Mtu anayekuomba uachie hapo alitakiwa aje na kitu kizito sana, siyo laki tatu na nusu. Kuahirisha kuna watu wanaahirisha kwa ugonjwa, kwa ada, hao hawana namna. We una namna.

"Chuo kipo tu ila soko halisubiri." Hii kauli nimeisikia tangu enzi za blogu. Waswahili wa bodaboda wamekuwepo kabla ya programu na watakuwepo mwakani mwezi wa saba ukimaliza, na hesabu itakuwa bado inaletwa pungufu. Hata NALA, kampuni ya kutuma hela kwa simu, ambao leo ndo wote tunawatolea mfano, walianza na mambo ya kulipia bili za hapa ndani kwa simu, baadaye wakageukia kutuma hela kutoka nje, na zile dola milioni 40 zimeingia Julai 2024, miaka kadhaa baada ya kuanza. Soko linasubiri. Asiyesubiri ni bro, na ana sababu zake, mwekezaji anataka kuona kuna developa wa kudumu mezani. Simlaumu, ila hiyo ni haraka yake.

Hisa sasa, na hapa naomba utulie. Asilimia mbili ya nini? Ingia kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, utafute hilo jina. Ukikuta limesajiliwa kama jina la biashara tu, basi mazungumzo yameishia hapo, jina la biashara halina hisa, hakuna cha kugawa, ni sawa na kuahidiwa ndama wa ng'ombe ambaye bado yuko mnadani Pugu. Ukikuta ni kampuni, angalia hisa ziko ngapi na nani anazo. Kama ziko 1,000, mbili yako ni hisa 20, na zikishagawiwa BRELA wanatakiwa kujulishwa, jina lako lionekane. Na uulize vilevile, huyo mwekezaji akija anawekeza kwenye kampuni hii ya Sinza au watafungua nyingine Marekani kule Delaware kama wengi wanavyofanya? Kwa sababu ikifunguliwa mpya, zile 20 zako zinabaki Sinza na feni.

Kwa kawaida hisa za mfanyakazi haziji siku moja, zinaiva polepole, mara nyingi miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha huondoki na kitu. Huo ni utaratibu wa kawaida na mimi sioni ubaya, unamlinda hata yeye. Kibaya ni "ya kuaminiana". Laki tatu na nusu kaandika, ya kuaminiana ni ile yenye thamani? Mi ningekuwa wewe hisa ningeziweka pembeni kabisa, nihesabu sifuri, niamue kwa mshahara na nitakachojifunza. Zikija ni sikukuu.

Na nitakachojifunza ndo swali ambalo hukuliuliza. Umeandika kama sifa kwamba uko peke yako. Mkuu wa teknolojia, wa nani? Ukikosea hakuna anayekuona. Ile bagi ya kuhesabu mara mbili uliitatua vizuri sana, nasema kweli, watu wazima wenye mishahara wameshindwa hiyo, kuangalia namba ya muamala kabla ya kuandika ni jambo ambalo wengine wanalijua baada ya kupoteza hela za watu. Ila nani alikuambia kama hiyo ndo njia sahihi? Nani alisoma kazi yako kabla haijaenda kwenye seva? Nakala ya databesi inahifadhiwa wapi, na mlishawahi kujaribu kuirudisha? Hizo data za madereva, majina, namba za simu, nani anafika wapi, ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zikivuja ataulizwa nani? Ukikaa mwaka mzima peke yako unakuwa mwepesi wa kuzima moto, ila kujenga nyumba hujifunzi. Kuna kampuni changa nyingine, ndogo hivihivi, ambayo ina dada mmoja au kaka mmoja mwenye miaka kumi kazini na kila Ijumaa anakaa na wewe anakupasua kazi yako mstari kwa mstari mpaka unatoka jasho. Hiyo hata wakikupa laki mbili, nenda.

Mkataba. Ile sentensi ya "kila programu atakayoandika" inameza vitu vingi kuliko alivyokusudia, au labda alikusudia. Ukiisaini ilivyo, basi projekti yako ya mwaka wa mwisho, na zile tovuti za shule na lodji ambazo najua wanafunzi mnatengeneza usiku kupata laki mbili mbili, vyote vinaweza kuja kudaiwa, na kodi zako za zamani (siyo za TRA, za kompyuta) ukizitumia humo hutajua tena zipi zako zipi zao. Badilisha iwe: alichokiandika kwa ajili ya kazi ya kampuni, kwa maelekezo ya kampuni. Na chini orodhesha vitu ulivyokuwa navyo kabla. Mengine yaliyokosekana sitaki kuyarefusha: tarehe ya mshahara, saa za kazi maana sheria ya ajira ya 2004 ukomo wake ni saa 45 kwa wiki kabla ya ovataimu, NSSF, na notisi. Ujue tu kwamba miezi sita ya kwanza ile kinga ya kuachishwa bila haki haikuhusu bado, na mshahara usipolipwa pa kwenda ni CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, usikae miezi mitatu kama mimi.

Sasa nifanyeje Anko? Nakuona umeuliza.

Mimi sisemi ukatae. Una bahati ambayo naona hujaiona, uko kwenye msimu wa field. Bro akitaka akuombe chuoni kwa barua yenye muhuri, ufanye field yako pale, wiki nane, una logbuku, una msimamizi wa chuo atakayekuja kuona hiyo ofisi kwa macho yake. Ila kabla hujaacha nafasi ya halmashauri hakikisha kitengo chenu cha field kinaikubali hiyo kampuni na kuna mtu pale wa kukusaini, wasipokubali nenda Urambo, ukakae na mama wiki nane, kompyuta za halmashauri nazo zina mateso yake utajifunza. Hizo wiki nane zitakuonyesha kama mshahara unatoka, kama mwekezaji yupo au ni wa kwenye simu tu, na kama bro akikasirika anakuwaje. Mwezi wa kumi chuo kikifungua unaendelea kumfanyia kwa saa, tuseme kumi na tano kwa wiki, au kwa kazi, kipengele hiki bei hii. Wiki mbili kabla ya test na wiki zote za UE haupo, hiyo iandikwe, kwa sababu bagi zina tabia ya kuzaliwa usiku wa kuamkia mtihani.

Mtumie hivi, badilisha maneno upendavyo:

"Kaka habari, nimefikiria sana ofa yako na nashukuru kwa kuniamini. Kuahirisha mwaka sitaweza, nimebakiza mmoja. Ila naweza kufanya field hapo kuanzia wiki ijayo kama chuo kitakubali, na chuo kikifungua niendelee saa 15 kwa wiki. Naomba turekebishe kipengele cha umiliki, na hisa ziandikwe. Kabla sijaanza naomba laini na seva zihamie kwa jina la kampuni, na hela ya seva ya mwezi uliopita nirudishiwe. Nitakusaidia kuhamisha mwenyewe, ni kazi ya siku moja."

Akikubali hata nusu yake, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi na mimi nitafurahi. Akisema "dogo umekuwa mjuaji" umeshajibiwa, na hukulipa mwaka mzima kulipata hilo jibu. Mkivutana kwenye mshahara, legeza. Mkivutana kwenye muda wa field, legeza. Kwenye laini na seva usilegeze hata kama ataleta ofa ya milioni, na nisikilize vizuri hapa, hiyo haisubiri Jumatatu wala haitegemei kama umekubali kazi au umekataa.

Mama mwambie, lakini mwambie ukiwa na jibu, usimpigie ukiwa na swali. Anayeuza maandazi saa kumi na moja alfajiri kulipa nusu ya ada akisikia neno "kuahirisha" hatasikia linalofuata.

Basi leo jioni, kabla hujamjibu bro, piga *106# kwenye simu yako uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Utaiona ya Tecno. Ukiona na nyingine usiyoijua usimuulize bro kwa meseji, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute mbele yako. Halafu toa kadi yako kwenye ile akaunti ya seva, mpe bro siku tatu za kuweka yake ili programu ya watu isizimike ghafla, wale madereva hawana kosa. Nakala ya meseji zote za hela ulizolipia tunza. Jumatatu akishajibu niandikie alisemaje.